Mnunuzi wa Ardhi Asipomaliza Kulipa Nchini Kenya: Uvunje Mkataba, Umlazimishe Akamilishe, au Udai Fidia?

Muuzaji aliyepokea asilimia 10 ya bei ya ardhi yake, kisha akaona siku 90 za kukamilisha mauzo zikipita bila salio kuingia, ana njia tatu kuu za kisheria nchini Kenya. Anaweza kuuvunja mkataba, abaki na amana na kuiuza ardhi kwa mtu mwingine. Anaweza kwenda mahakamani aombe amri ya kumlazimisha mnunuzi alipe na kuipokea ardhi kama alivyoahidi. Anaweza pia kudai fidia ya hasara aliyopata, ama pamoja na kuuvunja mkataba au badala ya kuomba amri hiyo. Wauzaji wengi hutaka kuzishika zote kwa wakati mmoja, lakini sheria haikubali: mkataba hauwezi kuwa hai kwa ajili ya kudai salio na papo hapo uwe umekufa kwa ajili ya kutwaa amana. Barua ya kwanza ambayo muuzaji huiandika baada ya tarehe ya mwisho ndiyo mara nyingi huamua atabaki na njia ipi, na kwa hiyo uchaguzi unapaswa kufanywa kabla barua hiyo haijaandikwa.

Maswali mawili hutangulia mengine yote. La kwanza ni kile anachokitaka muuzaji kwa dhati: fedha za mnunuzi huyu, au ardhi yake irudi mikononi mwake ikiwa huru. La pili ni kama mnunuzi ameshaingia kwenye ardhi. Jibu la swali la pili hubadilisha utaratibu mzima, na nitalirudia kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo wauzaji huumia zaidi.

Kwa ajili ya hesabu, tuchukue ploti ya Kitengela iliyouzwa kwa shilingi 6,000,000. Mnunuzi ametoa amana ya 600,000 siku ya kutia sahihi, na salio la 5,400,000 lilipaswa kulipwa ndani ya siku 90. Siku zimepita na salio halijaja.

Muuzaji naye awe tayari

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayomsaidia muuzaji ambaye yeye mwenyewe hakuwa tayari kukamilisha. Mahakama huanza kwa kuuliza kama alikuwa na hati miliki halisi, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, cheti cha kaunti kinachoonyesha kwamba ardhi haidaiwi kodi, idhini ya mwenzi wa ndoa ikiwa ardhi ni mali ya familia, na idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ikiwa ni ardhi ya kilimo. Muuzaji anayemlaumu mnunuzi kwa kuchelewa ilhali yeye bado anasubiri cheti kutoka kaunti anajenga kesi juu ya mchanga, kwa kuwa wakili wa mnunuzi atauliza jambo moja tu: kama fedha zingeletwa siku ile, ungemkabidhi nini?

Idhini ya bodi inahitaji uangalifu wa pekee. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, mauzo ya ardhi ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa huwa batili ikiwa idhini haikupatikana, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Mkataba ukishakuwa batili kwa sababu hiyo, kifungu cha 7 kinampa mnunuzi haki ya kurudishiwa fedha alizotoa kama deni la kawaida, na muuzaji hawezi tena kusimama juu ya kipengele cha kutwaa amana. Muuzaji wa shamba aliyepuuza bodi basi hana njia tatu za kulinganisha. Ana deni la kulipa.

Vilevile mkataba wenyewe lazima uwe umeandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote mbili, na sahihi hizo zikashuhudiwa, kama inavyotakiwa na kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi ya 2012.

Kuuvunja mkataba na kubaki na amana

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayowafaa wauzaji wengi, ila ndiyo pia inayoharibiwa kwa urahisi zaidi. Faida yake ni kwamba, ikiwa mnunuzi hajaingia kwenye ardhi, muuzaji hahitaji amri ya mahakama ili kujitoa katika mkataba. Anahitaji notisi iliyo sahihi na subira ya wiki chache.

Kupita kwa tarehe ya kukamilisha peke yake hakutoshi kila mara. Ikiwa mkataba haukusema wazi kwamba muda ni sharti la msingi, au ikiwa pande zote ziliiacha tarehe ipite bila kulalamika, muuzaji anapaswa kwanza kumpa mnunuzi notisi ya kukamilisha yenye muda wa kutosha; siku 21 ndizo zilizozoeleka katika mikataba mingi inayofuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili wa Kenya. Notisi nzuri hutaja mkataba kwa tarehe yake na namba ya ardhi, hueleza kiasi hasa kinachodaiwa pamoja na riba ikiwa mkataba unaitoza, husema kwamba muuzaji yuko tayari kukabidhi nyaraka zote, huweka siku ya mwisho, na hutamka bila kuzunguka kwamba siku hiyo ikipita mkataba utavunjwa na amana itachukuliwa. Notisi inayosema tu "tafadhali lipa haraka iwezekanavyo" haivunji chochote. Inayodai kiasi kikubwa kuliko kilichomo mkatabani humpa mnunuzi sababu ya kuipinga.

Kinachobomoa njia hii ni vijifedha vinavyoingia baada ya tarehe ya mwisho. Mnunuzi anatuma 50,000 kwa M-Pesa usiku na ujumbe unaosema nyingine itakuja mwisho wa mwezi. Muuzaji anajibu "asante, nimeipata". Mwezi unaofuata zinakuja 30,000, na jibu ni lile lile. Muuzaji akigutuka baadaye na kuandika barua ya kuvunja mkataba, wakili wa mnunuzi atazianika jumbe hizo mbele ya hakimu na kusema kwamba mteja wake aliongezewa muda kwa vitendo, na hoja hiyo ina nguvu. Fedha zilizochelewa zinaweza kupokelewa, lakini zipokewe kwa maandishi yanayosema kwamba haki za muuzaji chini ya mkataba zinabaki zilivyo na kwamba muda haujaongezwa. Ikiwa tayari zimepokelewa kimyakimya, dawa ni kutoa notisi mpya yenye muda wa kutosha na kuanza kuhesabu upya, hata kama inauma.

Kuhusu amana yenyewe, asilimia 10 inatambuliwa kwa jadi kuwa dhamana ya nia njema, na mnunuzi anayeshindwa huipoteza hata ikiwa muuzaji hakupata hasara yoyote. Ndiyo maana katika mfano wetu muuzaji akiuza ploti kwa mtu mwingine kwa 6,300,000, bado anabaki na zile 600,000. Zaidi ya hapo mambo hubadilika. Katika kesi ya Workers Trust dhidi ya Dojap, rufaa iliyotoka Jamaica na kuamuliwa London mwaka 1993, benki iliyouza mali ilikuwa imetoza amana ya asilimia 25. Ilionekana kuwa ni adhabu, na benki ikatakiwa kurudisha amana yote isipokuwa kiasi cha hasara ambayo ingeweza kuithibitisha. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini mantiki yake ni ya kushawishi, na muuzaji anayeandika "amana ya asilimia 30 isiyorudishwa" anajiweka katika hatari ya kuikosa hata ile asilimia 10 ambayo angeipata bila mabishano.

Malipo ya awamu nayo si amana. Mnunuzi aliyekwisha kulipa 2,400,000, yaani asilimia 40, kabla ya kukwama hapotezi zote kwa sababu tu mkataba umevunjwa. Muuzaji anaweza kushikilia amana ya 600,000 na kukata hasara aliyoithibitisha. Kinachobaki kinapaswa kurudishwa. Wauzaji wa ploti kwa awamu ndio husahau jambo hili kuliko wengine wote, na ninaona ni dhuluma ya wazi pale mtu aliyejinyima miaka miwili anapoambiwa kwamba mchango wake wote umekwenda kwa kuchelewa awamu ya mwisho.

Kumlazimisha mnunuzi akamilishe

Amri ya kutekeleza mkataba humpa muuzaji bei kamili aliyoahidiwa, na kwa hiyo inavutia hasa wakati bei za eneo zimeshuka tangu mkataba ulipotiwa sahihi, au ardhi ni ya aina ambayo wanunuzi wake ni wachache. Lakini amri hiyo si haki ya moja kwa moja. Jaji huitoa kwa hiari yake, baada ya kuridhika kwamba muuzaji ametekeleza upande wake au yuko tayari kuutekeleza, na kwamba fidia ya fedha haingetosha. Kwa muuzaji sharti hili la mwisho ni gumu kuliko kwa mnunuzi, kwa kuwa anachokosa yeye ni fedha, na fedha hufidiwa kwa fedha.

Ukilinganisha na kuvunja mkataba, tofauti kubwa ni muda na uwezo wa mnunuzi. Anayevunja mkataba anaweza kuwa na mnunuzi mpya mara notisi inapomalizika. Anayeomba amri anaifunga ardhi yake ndani ya kesi, hawezi kuiuza, na mwishoni anaweza kupata hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu. Ikiwa mnunuzi alishindwa kwa sababu mkopo wake ulikataliwa au biashara yake ilianguka, amri haitamzalishia fedha. Ningemshauri muuzaji aifuate njia hii pale tu anapojua kwamba mnunuzi anazo fedha na amebadili nia kwa sababu nyingine.

Hata hivyo anayeichagua hajajifungia mlango moja kwa moja. Kesi ya Johnson dhidi ya Agnew, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1979 na mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, ilihusu muuzaji aliyepata amri ya utekelezaji, kisha mali yake ikauzwa na waliomkopesha kabla amri haijatekelezwa. Iliamuliwa kwamba angeweza kurudi mahakamani, aachiliwe kutoka katika mkataba na alipwe fidia. Kesi hiyo pia ilifafanua kwamba kuuvunja mkataba kwa sababu ya kosa la upande mwingine hakuufanyi uwe kana kwamba haukuwahi kuwapo. Humaliza wajibu wa mbele, huku haki ya kudai hasara iliyokwisha tokea ikibaki.

Fidia: hesabu kabla ya hasira

Fidia hupimwa kwa tofauti kati ya bei ya mkataba na thamani ya ardhi, kwa kawaida bei halisi iliyopatikana ilipouzwa tena bila uzembe, pamoja na gharama zilizosababishwa moja kwa moja na kosa la mnunuzi. Amana iliyochukuliwa huhesabiwa ndani yake, wala muuzaji halipwi mara mbili. Hapo ndipo mfano wa Kitengela unaposaidia.

Tuseme ploti imeuzwa tena kwa 5,500,000, na kuitangaza upya pamoja na kumlipa wakili kumegharimu 150,000. Hasara ni 500,000 na 150,000, jumla 650,000. Ukitoa amana ya 600,000, kinachobaki kudaiwa ni 50,000. Kesi ya kudai 50,000 italiwa na gharama zake, na muuzaji mwenye busara ataishia kwenye amana. Lakini ikiwa soko limeporomoka na ploti imeuzwa kwa 4,800,000, hasara ni 1,200,000 na 150,000, jumla 1,350,000. Baada ya kutoa amana kunabaki 750,000, na hapo kesi inaweza kustahili. Kwa hiyo fidia inafaa kuongezwa juu ya kuvunja mkataba pale tu hasara inapoipita amana kwa kiasi kikubwa, na mnunuzi awe ni mtu anayeweza kulipa.

Muuzaji anayedai fidia ana wajibu wa kupunguza hasara yake. Akikataa ofa ya 5,500,000 kwa hasira, kisha mwaka mmoja baadaye auze kwa 4,800,000, jaji anaweza kumuuliza kwa nini mnunuzi wa kwanza abebe tofauti hiyo yote. Ofa zote zinazokuja baada ya mkataba kuvunjwa zihifadhiwe kwa maandishi, hata zile zilizokataliwa.

Mnunuzi akishaingia kwenye ardhi

Kila nilichosema kuhusu urahisi wa kuvunja mkataba hupungua nguvu mara mnunuzi anapopewa ardhi kabla ya kumaliza kulipa, akajenga ukuta, akachimba choo au akahamia na familia yake. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu muuzaji wa namna hiyo kutumia haki yake ya kuvunja mkataba kwa njia mbili tu: kuirudia ardhi kwa amani, au kupata amri ya mahakama ya kurudishiwa ardhi. Kuirudia kwa amani maana yake ni bila nguvu na bila vitisho. Kuleta vijana wabomoe ukuta alfajiri si amani, na humgeuza muuzaji aliyekosewa kuwa mkosaji.

Kwa amri ya mahakama, kifungu cha 41 kinataka notisi inayoeleza kosa ni lipi na kwa kiwango gani, kama linaweza kurekebishwa kwa kulipa kiasi fulani kilichotajwa au kwa kufanya au kuacha jambo fulani, muda wa kulirekebisha, matokeo ya kutolirekebisha, na haki ya mnunuzi ya kuiomba mahakama imwokoe dhidi ya kuvunjwa kwa mkataba. Haki hiyo ya mwisho imo katika kifungu cha 42, na ina uzito: mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu kubwa na anayeweza kuonyesha fedha zilizobaki anaweza kupewa nafasi ya kumaliza kwa masharti ambayo mahakama itayaweka. Kwa upande wa muuzaji, kifungu cha 40 kinahifadhi haki yake ya kudai fidia ya uvunjaji pamoja na malipo ya matumizi ya ardhi kwa muda ambao mnunuzi aliikalia.

Mnunuzi aliyeingia ana kinga nyingine nje ya sheria hiyo. Mwaka 2014, katika kesi ya Macharia Mwangi Maina na wenzake dhidi ya Davidson Mwangi Kagiri, Mahakama ya Rufaa iliwalinda wanunuzi waliolipa na kuwekwa kwenye ploti na muuzaji mwenyewe, ingawa idhini ya bodi haikuwa imepatikana, kwa msingi kwamba muuzaji hawezi kupokea fedha, kuwakabidhi watu ardhi, kisha akageuka kutumia ukosefu wa idhini kama ngao. Kwa hiyo pale ambapo mnunuzi yumo ndani na amelipa sehemu kubwa, kulinganisha njia tatu huishia mara nyingi kwenye njia ya nne, yaani kukubaliana ratiba mpya ya malipo kwa maandishi, yenye riba na kipengele cha wazi kuhusu kitakachotokea awamu moja ikikosekana. Inaweza kuonekana kama udhaifu, lakini kwa ardhi iliyokwisha kukaliwa ndiyo yenye uhakika zaidi wa kuleta fedha.

Ukiandika barua ya kuvunja mkataba kisha ukanyamaza huku mnunuzi akiendelea kukaa, ruhusa yake imekwisha na muda unaanza kuhesabiwa dhidi yako. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, dai la kurudishiwa ardhi hufikia ukomo baada ya miaka 12, na anayeikalia kwa muda huo bila ruhusa na bila kupingwa anaweza kuomba atangazwe mmiliki. Dai la fidia chini ya mkataba lina miaka 6 tu.

Salio lililoahidiwa na benki

Mnunuzi anaponunua kwa mkopo, mara nyingi muuzaji hukabidhi nyaraka kwa kutegemea ahadi rasmi ya wakili wa benki kwamba salio litalipwa ndani ya siku kadhaa baada ya uhamisho kusajiliwa. Salio lisipokuja katika hali hii, kuvunja mkataba si njia nzuri, kwa kuwa ardhi imekwisha kuhamia kwa jina la mnunuzi na benki imeshaiwekea rehani. Njia ya haraka ni kuidai ahadi yenyewe: Amri ya 52, kanuni ya 7 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010 inaruhusu kumpeleka mahakamani wakili aliyetoa ahadi ili alazimishwe kuitimiza. Kwa kuwa wakili hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mteja wake hajampa fedha, nguvu ya dai hili ni kubwa kuliko ya kumfuata mnunuzi.

Kuiuza ardhi tena

Kabla ya kutia sahihi na mnunuzi mpya, fanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Mnunuzi wa kwanza huenda aliweka tahadhari kwenye rejista chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na ikiwapo hakuna uhamisho utakaosajiliwa. Kifungu cha 73 kinampa mwenye ardhi nafasi ya kuomba iondolewe, na msajili humwarifu aliyeiweka ili aseme kama ana pingamizi. Nakala za mkataba, notisi ya kukamilisha, uthibitisho kwamba ilimfikia na barua ya kuuvunja ndizo zitakazoamua ombi hilo. Mnunuzi akipinga, jambo hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu ikiwa thamani haizidi mamlaka yake, ambayo kwa hakimu mkuu yanafika shilingi milioni 20. Ploti yetu ya Kitengela ingesikilizwa huko chini, karibu na nyumbani na kwa gharama nafuu zaidi, na mnunuzi mpya aambiwe mapema kwamba shauri hilo lipo ili tarehe ya kukamilisha mauzo yake ipangwe baada ya tahadhari kuondolewa.